Nilitafsiri Kichekesho, Mwalimu Wasswa Akachukuliwa

Kosa ni langu. Sikulewa, sikulazimishwa, hakuna aliyenitisha. Nilikaa kwenye benchi la wanafunzi mchana kweupe, nikafungua kinywa changu mwenyewe, nikamtoa mtu aliyekuwa ananiamini.

Nimelificha jambo hili miaka mingi. Mume wangu amezikwa bila kulijua. Watoto wangu hawalijui. Wewe unayesoma hunioni uso, na mimi sikuoni, kwa hiyo naweza kusema. Nivumilie tu, maana nitasema kama linavyotoka.

Ilikuwa miaka ya sabini, Kampala, wakati wa utawala wa jeshi. Wahindi walikuwa wameshafukuzwa. Mimi nilikuwa msichana wa miaka ishirini na miwili, nashona magauni katika duka moja la Old Kampala ambalo mwenyewe alikuwa ameondoka na begi moja, na sasa lilikuwa la afisa mmoja asiyejua sindano wala uzi. Sukari ilikuwa haionekani. Sabuni ilikuwa zawadi ya harusi!

Baba yangu alikuwa sajenti wa polisi, mtu wa kaskazini. Nilizaliwa kambini, nikakulia kambini, na lugha yetu pale ilikuwa Kiswahili. Lakini Kiganda nacho nilikijua, tena si cha kubabaisha. Nilisoma na watoto wa Kiganda tangu darasa la kwanza, nikakijua mpaka mafumbo yake, mpaka yale maneno ambayo wazee huyasema huku wanatazama pembeni.

Ila kujua lugha ya watu si kukubaliwa nao. Nikiingia mahali, mazungumzo yanakatika. "Mtoto wa polisi huyo." Ghafla kila mtu anazungumzia mvua. Weh, inauma! Unakaa katikati ya watu, unawaelewa kila neno, na hawakwambii neno.

Nakato peke yake ndiye alikuwa tofauti. Nilipanga chumba Kyebando, yeye akiwa jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. Alikuwa akileta samaki wa moshi kutoka Ggaba na kuwauza pale kwenye vibanda. Alikuwa na kaka yake, pacha wake, Wasswa. Mwalimu wa darasa la nne. Mwembamba, masikio makubwa, suruali imepanda juu ya kifundo kama ya mtoto aliyekua haraka.

Siku ya kwanza nilipoingia kwao, Wasswa alikuwa anamwigiza mkaguzi wa shule anayeteleza kwenye tope. Nikasimama mlangoni, nikijua atanyamaza kama wengine wote. Hakunyamaza!

"Ingia, nnyabo," akaniambia, yaani bibie. "Umechelewa, mkaguzi ameshaanguka mara mbili. Sasa itabidi aanguke tena kwa ajili yako."

Na akaanguka, na kiti juu yake. Nilicheka mpaka nikalia. Sijui kama nililia kwa kicheko au kwa sababu mtu alikuwa ameniambia niingie.

Sasa sikiliza. Mwaka mmoja serikali ikaandaa sherehe kubwa za sanaa mjini. Ngoma, kwaya, mashairi ya kumsifu Mkubwa, ndivyo tulivyomwita rais. Vikundi vidogo vya mitaani havikupewa nafasi. Wasswa na wenzake wakasema, basi sisi tutacheza kwetu. Wakamwendea mwalimu mkuu wa shule yao ya Old Kampala, mtu mkimya, mkali wa usafi, wakamwomba madarasa matatu kuanzia Ijumaa mchana hadi Jumapili. Akakubali. Sharti lake lilikuwa moja: madawati yarudishwe kwa mstari.

Hizo siku tatu! Kila darasa lilikuwa na mchezo wake wa nusu saa. Unamaliza huu, unavuka uwanja, unaingia ule. Hapa mke na mume wanagombania kipande cha sabuni mpaka kinayeyuka. Pale mtu mmoja na ngoma moja anaigiza harusi nzima, pamoja na mbuzi. Jukwaa ni meza mbili zilizounganishwa, pazia ni shuka la kitanda cha mtu. Watu walijaa hadi madirishani. Ulikuwa hujui kiasi gani tulikuwa na kiu ya kucheka mpaka ulipokisikia kicheko cha wengi pamoja.

Ijumaa ile akaja mtu akakaa karibu yangu. Mtu wa makamo, shati jeupe lililopigwa pasi, viatu vya kawaida. Hakuwa na miwani myeusi. Hakuwa na lolote la wale wapelelezi tuliokuwa tunawaogopa.

"Dada, samahani. Hawa watu nacheka nini?"

"Husikii Kiganda?"

"Mimi hapana sikia. Mimi mtu ya Kisumu, nauza vipuri ya magari. Nimechoka kukaa hoteli peke yangu."

Nikamhurumia. Mgeni, peke yake, katikati ya kicheko asichokielewa. Nilikijua kiti kile, nilikuwa nimekikalia miaka yote! Nikaanza kumtafsiria. Mchezo ulikuwa wa marehemu anayekataa kuzikwa mpaka waombolezaji walete sukari ya chai. Yule bwana akawa anacheka kwa kuchelewa, watu wakishamaliza, na wao wakawa wanamgeukia na kumcheka yeye.

"Wewe najua sana," akaniambia. "Kichwa kama hii kwa nini nashona nguo?"

Ee Mungu wangu, sifa ni pombe! Nilirudi Kyebando kama miguu haigusi ardhi.

Jumamosi nikakuta amenishikia nafasi, ameweka leso yake kwenye benchi. Nikatafsiri michezo mitatu mfululizo. Si maneno tu. Nilimweleza na kilicho chini ya maneno, kwa nini huyu akisema "mvua" watu wanaguna, kwa nini yule akishika tumbo wanapiga makofi. Kila nilipofafanua, aliitikia kwa kichwa kama mwanafunzi. Hakuna mtu aliyewahi kunisikiliza vile.

Tulipotoka Nakato akanivuta kando.

"Yule ni nani?"

"Mgeni wa Kisumu."

"Unamjua?"

"Ni mtu mpole."

"Mpole." Akalirudia neno kana kwamba anaonja samaki aliyelala. "Kesho ni zamu ya Wasswa. Kesho usikae naye."

"Kwa nini?"

"Basi tu. Nakuomba."

Unajua nilifikiri nini? Nilifikiri ana wivu! Nikasema moyoni, kumbe nikipata mtu anayetaka kukaa karibu na mimi, hata Nakato inamkera. Hayo ndiyo niliyomfikiria mwanamke aliyenigawia chumvi yake.

Jumapili nikakaa naye.

Wasswa aliingia na kiti kimoja na kanga ya Nakato. Akajifunga kanga, akawa bibi kizee anayefuga kuku. Bibi ana jogoo. Kila asubuhi jogoo anaamka na kujitunuku unyoya. Unyoya huu nimempiga mnyoo. Unyoya huu nimewafukuza bata wa jirani. Vifaranga wanalia njaa, bibi anauliza, "Jogoo, mahindi yako wapi?" Jogoo anajibu kwa kujipachika unyoya mwingine. Mwisho anataka kupanda juu ya paa awike dunia nzima imsikie, manyoya yanamvuta chini, puu! Mdomo kwenye tope.

Hakutaja jina. Hakutaja cheo. Ila kila alipopachika unyoya alijipapasa kifuani, upande wa kushoto, polepole, na kutoa mlio mdogo kwa ulimi, kama vyuma vinavyogongana.

Watu walinyamaza kwanza. Wakatazamana. Halafu darasa zima likapasuka! Akina mama walijifunika nyuso kwa mikono ya magauni yao ya gomesi. Mzee mmoja alikuwa anapiga ukuta kwa ngumi.

"Jogoo tu?" yule bwana akaninong'oneza. "Watu mzima nacheka jogoo hivi?"

Ningesema, "Ndiyo, jogoo tu." Maneno matatu! Maneno matatu na Wasswa angerudi kwake akala chakula chake. Wala yasingekuwa uongo.

Lakini mimi nilikuwa na ujuzi wangu, na ujuzi ulikuwa unaniwasha. Nikamwinamia sikioni.

"Si jogoo. Angalia anapobandika. Manyoya ni nishani. Vifaranga ni sisi. Jogoo ni Mkubwa mwenyewe."

Hakucheka. Hakuchelewa kucheka, hakucheka kabisa.

"Ahaa," akasema. "Sasa nimesikia."

Kwenye benchi la mbele Nakato aligeuka akanitazama. Mara moja tu. Kisha akamgeukia kaka yake.

Mchezo ulipokwisha yule bwana akasema anataka kumwalika huyu fundi Kisumu, acheze kwenye ukumbi. Anaitwa nani? Nikamwambia. Anafanya kazi gani? Mwalimu, hapa hapa, darasa la nne. Anakaa wapi? Kyebando, nyuma ya mashine ya kusaga. Alinishika mkono kwa mikono miwili, akainama kidogo. Nami nikaona nimemfanyia Wasswa jambo la maana!

Jumanne, wakati wa mapumziko ya saa nne, gari likaingia uwanjani mwa shule. Wanaume watatu. Wasswa alikuwa amebeba madaftari. Watoto waliona walivyomfungulia buti ya gari, si mlango.

Nakato alinikuta kwenye cherehani. Kiatu kimoja mguuni, kingine hakuna. Mikono inanuka moshi wa samaki.

"Wamemchukua Wasswa! Wamemtia kwenye buti!"

Nilijua. Kabla hajamaliza kusema nilijua. Uso wa yule bwana ulinijia mbele kama mtu aliyewashiwa taa.

"Baba yako ni polisi," Nakato akasema. Alikuwa amenishika magoti. "Wewe ndiye pekee ninayemjua. Nisaidie."

Na mimi nikasema, "Twende." Nikamfuta machozi. Hilo ndilo nililolifanya.

Nilimwacha kwenye geti la kambi, nikaingia kwa baba peke yangu. Nikamwambia yote, maana kwa baba nilikuwa siwezi kudanganya. Alikuwa anang'arisha mkanda wake. Akauliza jambo moja.

"Aliongeaje, huyo mtu?"

Nikamwigiza. "Mimi hapana sikia. Mimi mtu ya Kisumu."

Baba akaweka mkanda chini.

"Mtu wa Kisumu hasemi vile, mwanangu. Hicho ni Kiswahili chetu. Cha kambini."

Ndipo nilipoelewa kwa nini nilijisikia nyumbani nilipokaa karibu naye. Mimi niliyejisifia sikio! Nilisikia kila fumbo la Kiganda, nikashindwa kusikia lugha niliyonyonyeshwa nayo.

"Umemwambia dada yake?"

"Bado."

"Kamwambie. Sasa hivi, yuko hapo nje."

Sikumwambia. Nilitoka, nikasema, "Baba ataulizia." Basi.

Na baba aliulizia kweli. Alivaa sare yake akazunguka ofisi tatu. Ya tatu wakamwambia, "Sajenti, unataka kumfuata?" Baada ya wiki mbili wakamvua cheo, wakampeleka kulinda ghala mbali na mji. Hakunilaumu hata siku moja. Bora angenipiga.

Nakato akasikia yaliyompata. Akaniletea samaki mkubwa, amemfunga kwenye jani la ndizi. "Baba yako amejitoa kwa ajili yetu," akasema. "Mungu awabariki nyie watu."

Nilimla yule samaki. Nakwambia ukweli wote, nilimla.

Lakini hata hilo si baya kuliko lote. Kyebando na Old Kampala watu walianza kuulizana, ni nani amemchongea mwalimu? Na kidole kikaangukia kwa mwalimu mkuu. Si ndiye aliyetoa madarasa? Si ndiye aliyejua siku na saa? Si hajachukuliwa? Wazazi wakaacha kumsalimia. Mkewe akifika bombani, wenzake wanabeba ndoo zao na kuondoka. Mtu akammwagia kinyesi mlangoni pake. Mwezi haukuisha, akafunga mizigo, akahama na watoto wake, mtu ambaye alikuwa ametoa madarasa kwa wema tu!

Kabla hajahama, siku moja Nakato alimkuta njiani, akamtemea mate miguuni. Nilikuwa pamoja naye. Akanigeukia akasema, "Nyoka yule." Na mimi nikaitikia kwa kichwa. Nikakubali! Nilitembea hatua zote mpaka nyumbani nikiwa nimekubali.

Wasswa alirudi baada ya wiki saba. Walimtupa kando ya barabara, mchana, kama gunia. Sikio moja halikusikia tena. Vidole vya mkono wa kuandikia havikunyooka. Nilikwenda kumwona, maana kutokwenda kungeonekana. Nakato akanipa chai kwenye kopo, bila sukari.

Wasswa aligeukia ukuta. Halafu akasema kwa sauti ndogo:

"Walinisomea mchezo wangu wote. Kwa Kiswahili. 'Manyoya ni nishani. Vifaranga ni sisi.'" Akapumua. "Mimi sikusema vifaranga ni sisi. Mahali popote. Hilo nilimwachia kila mtu alijaze moyoni mwake."

Hakunitazama. Nakato ndiye aliyenitazama.

"Ni wewe?" akauliza.

Na mimi, msomaji, baada ya yote hayo, nikasema, "Mimi? Ningewezaje?"

"Nilikuona ukimnong'oneza."

"Nilikuwa namwambia ni jogoo tu."

Akanyoosha mkono, akachukua kopo la chai kutoka mikononi mwangu. Halikuwa limeisha.

"Nenda kwenu."

"Mwache, Nakato," Wasswa akasema. Bado alikuwa anatazama ukuta. "Alitaka tu aonekane anajua."

Ningependa anitukane. Angenitukana ningekuwa na la kujibu.

Wiki iliyofuata chumba chao kilikuwa kitupu. Walivuka kwenda Kenya. Wasswa hakucheza tena, ndivyo nilivyosikia kwa watu, wala hakufundisha. Alifia huko, ugenini, kabla utawala ule haujaanguka. Sikupata hata kujua alizikwa wapi. Nakato sijamwona tena. Nimewahi kumtuma mtu Nairobi na barua. Barua ikarudi haijafunguliwa.

Mwaka jana, baada ya kumzika mume wangu, nikaamua kumtafuta yule mwalimu mkuu. Nilimpata. Mzee sana, macho yameingia ukungu, anakaa na mjukuu wake wa kike. Nikapiga magoti kwenye jamvi, nikamweleza kila kitu, kuanzia leso kwenye benchi hadi mate ya Nakato.

Alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza, "Mke wangu alikufa lini, unajua?"

"Sijui, mzee."

"Kabla hujaja kwangu. Miaka sita. Alikufa akiniuliza, 'Baba watoto, niambie, sasa tuko wawili tu, hukumchongea yule kijana?' Mke wangu. Mama wa watoto wangu."

Nikalia. Nikaomba msamaha. Akaniacha nilie, kisha akasema neno ambalo ndilo limenifanya nishike kalamu leo.

"Mimi nilijua siku zote kwamba sikumchongea. Kuniambia mimi hakunisaidii. Walioambiwa uongo walikuwa wengi. Wale ndio uwaambie."

Basi nawaambia. Ninyi mliosoma pale, mliokaa Kyebando na Old Kampala miaka ile, na ninyi watoto wenu mliorithi uvumi: mwalimu mkuu hakumchongea mtu. Alitoa madarasa, akataka madawati yarudishwe kwa mstari, basi. Aliyemtoa Mwalimu Wasswa ni mimi.

Na wewe kijana unayesoma hili, usinihurumie, nisikilize. Siku ile ya Jumapili nilikosa kwa ujinga na majivuno, na pengine Mungu ana nafasi ya ujinga. Lakini kuanzia Jumanne nilikuwa najua, na kila siku niliyonyamaza nilimwongezea mtu mwingine mzigo wangu: baba, Nakato, mwalimu, mke wa mwalimu. Ukikosa, sema siku hiyo hiyo, wakati aliyekosewa bado yuko nje ya geti anakusubiri. Mimi nilisubiri mpaka karibu wote wamekufa, na sasa hakuna aliyebaki wa kuniambia hata "toka hapa."